Friza au Televisheni

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi ya salongo, mtu wa umeme alishuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba yetu akiwa na karatasi mkononi. Saa naikumbuka kwa sababu kiongozi wa seli ya Chama mtaani kwetu alikuwa ametoka tu kutazama ya kwake, akatutangazia kwamba zimebaki dakika arobaini na tano za kulipenda taifa. Kazi ya pamoja ya Jumamosi ilikuwa ya lazima kwa kila raia mwenye mikono, na ilipimwa kwa saa ya mkono wake. Sisi tulikuwa tumeinama, tunakata majani kando ya barabara. Yeye alikuwa amesimama na abakosti yake, lile koti la Chama lisilovaliwa tai, yenye beji kifuani, maana mapenzi yake kwa taifa yalikuwa ya aina ya kusimama.

Bili ilisema zaire mia sita na arobaini. Ilikuwa karibu mara mbili ya tulizozizoea. Mimi nilikuwa mtunza ghala katika ofisi moja ya serikali, na mshahara wangu ulikuwa zaire elfu moja na mia tisa, katika ile miezi ulipokumbukwa kulipwa.

"Papa, hii unalipa yote," mtu wa umeme aliniambia. "Ya mwezi unaokuja pia. Ukibakisha, minakuja na ngazi na pense, minakata."

"Kwa nini imepanda hivi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi minabeba karatasi tu. Uliza compteur yako."

Alikuwa na haki. Mita haisemi uongo, na katika miaka ile sikuwa na majirani wengi wa kuwasifia hivyo.

Mke wangu aliisoma bili akiwa amesimama mlangoni, kisha akauliza swali moja tu. "Congélateur yangu itabaki?"

Hapo palikuwa na jambo lote. Mke wangu ni mtu wa mto, wa huko chini upande wa Isangi. Kaka zake walimpandishia samaki kwa pirogi: kapitene, mboto, na wale kambare wenye sharubu ambao mimi, mtu wa Maniema, nilijifunza kuwala baada ya ndoa. Samaki hao aliwaweka katika friza nyeupe, ndefu kama jeneza la mtu wa wastani, akawauza sokoni kidogo kidogo siku ambazo wenzake walikuwa hawana kitu. Karo ya binti zetu watatu ilitoka mle ndani. Umeme ukikatwa, joto la Kisangani lingewaozesha samaki wote katika siku mbili, na mwaka wa shule wa watoto pamoja nao.

"Mushahara yako inalipa chumvi," alisema, bila ukali, kama mtu anayesoma bei ubaoni. "Samaki inalipa masomo. Kata kitu unataka, lakini hii usiguse."

Nikaahidi kwamba friza haitaguswa. Kwa hiyo ilibidi nitafute mlaji mwingine.

Elimu yangu ya darasani iliishia darasa la sita. Iliyobaki niliinunua chini, juu ya magunia ambayo wauza vitabu hutandika kando ya njia. Kitabu changu cha umeme kilikuwa cha Kifaransa na kilikosa sura ya kwanza. Ndiyo maana hadi leo siwezi kukuambia umeme ni nini, lakini naweza kukuambia unakwenda wapi.

Jumapili alasiri nilizima kila kitu ndani ya nyumba. Friza pia niliomba niichomoe kwa dakika kumi, na mke wangu akakubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atashika waya, tayari kuurudisha. Nikaenda kusimama mbele ya mita. Ndani ya mita kuna kisahani chenye alama nyekundu kinachozunguka umeme unapotumika. Kisahani kilipaswa kulala. Hakikulala. Kilikwenda polepole, kwa unyenyekevu, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake gizani.

Nilirudi sebuleni nikawakuta watatu. Walikuwa macho mekundu madogo: moja la televisheni ya rangi, moja la mashine ya kaseti za picha, na moja la redio kubwa ya ghorofa nne yenye santuri na spika mbili, ambayo watu waliiita chaîne. Vyote vilikuwa mali ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Miaka ile almasi ilikuwa imeruhusiwa kuuzwa na kila mtu, na kila mtu alikuwa anaiuza, shemeji akiwamo. Alinunua vijiwe huko njia ya Banalia, akaviuza mjini. Alikuwa anakaa kwetu kwa mwaka wa pili, akingojea nyumba yake iishe kujengwa, nyumba ambayo ilikuwa bado haijaanza.

Yeye hakuzima kitu kwa kitufe cha ukutani. Alizima kwa kirimoti, akiwa amelala kwenye kochi, na kirimoti kilifanya kama wakubwa wetu wanavyofanya: kiliamuru kazi isimame, lakini mishahara iliendelea.

"Semeki," aliniambia kishemeji nilipomwonyesha, "hii taa kadogo vile? Itakula nini? Hata mende hawezi kuonea njia."

"Vitatu vinakula mchana na usiku."

"Lakini havifanye kitu. Viko vinalala."

"Hata wewe unalala hapa," nilisema, "na asubuhi unakula."

Mke wangu alicheka mpaka akakalia friza. Shemeji hakucheka, lakini tangu siku hiyo alikubali nichomoe waya kila alipotoka. Nilipochomoa, friza ikiwa bado haijarudishwa, kisahani kilisimama kabisa, na nilihisi raha ambayo wengine huipata kanisani.

Raha hiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu hesabu ilikuwa ndogo. Macho mekundu yalikula kidogo. Mlaji mkubwa alikuwa televisheni yenyewe, na hiyo haikuwa yetu peke yetu hata siku moja.

Katika mtaa wetu, mtu aliyekuwa na televisheni hakuitazama ndani. Kuitazama ndani, mlango umefungwa, kulikuwa sawa na kula nyama ukiwa umefunga mlango: watu wangekuombea mabaya, na wangekuwa na haki. Televisheni iligeuzwa ielekee uani kupitia dirisha kubwa. Jioni watu walikuja na vigoda, na vitoto mgongoni, na mama mmoja wa karanga alikuja na beseni lake kwa sababu penye macho mengi pana mikono mingi. Kiongozi wa seli hakuja na kigoda. Alikuja na tako lake, akaketi kwenye kiti changu cha mkono, ambacho kilitolewa nje kwa ajili hiyo kila jioni bila mtu kuamrishwa.

Televisheni iliwaka tangu nyimbo na ngoma za kumsifu Rais, ambazo zilichukua muda mrefu kwa kuwa sifa zilikuwa nyingi, mpaka taarifa ya habari, mpaka wimbo wa taifa. Taarifa ya habari ya mji mkuu ilisomwa saa mbili ya kwao, nasi tuliipata saa tatu, kwa kuwa saa yetu iko mbele yao kwa saa moja. Mji mkuu ulikuwa nyuma yetu: jambo ambalo tuliruhusiwa kulijua, lakini si kulisema kwa sauti.

Nilianza kwa njia ya moja kwa moja. Jioni moja niliacha televisheni ikiwa imezimwa wakati wa nyimbo, nikawaambia watu kwamba tutawasha habari zitakapoanza. Kiongozi alikuwa ameshaketi. Alinitazama kwa huruma, akaniita raia kwa Kifaransa, kama Chama kilivyotaka.

"Citoyen, hapo umezima nini?"

"Nimezima televisheni."

"Kwa saa hii, ndani ya televisheni, iko nani?"

"Wamama wa Chama. Wanaimba."

"Wanamuimbia nani?"

Nikaisogelea televisheni.

"Bon," alisema. "Donc, citoyen, umezima nini?"

"Nilikuwa karibu kuwasha," nilisema, nikawasha.

Watu walipiga makofi. Sikujua kama walimpigia yeye, mimi au wamama wa Chama, na nadhani hata wao hawakujua. Mkono ulikuwa umezoea.

Njia ya pili niliipata kwa kutazama. Saa tatu usiku mji wote ulikuwa umewasha taa na pasi na majiko ya umeme, na nguvu ya umeme ilishuka. Televisheni ya rangi haipendi jambo hilo. Picha ilijikunja pande zote mbili, na rangi zikachanganyikiwa. Sasa, kila jioni, kabla ya habari, Rais alionyeshwa akishuka kutoka mawinguni. Ilikuwa desturi, hakuna aliyeuliza alikuwa amefuata nini huko. Kwetu alishuka akiwa mwembamba kama bua la mhindi, na uso wake ulikuwa wa kijani, kijani cha jani la mgomba baada ya mvua.

Uani palikuwa na watu wazima zaidi ya ishirini wenye macho mazuri. Wote walikuwa wanaona. Hakuna aliyewahi kusema kitu. Walikuwa wanapiga makofi kwa uso ule wa kijani, na wakienda nyumbani walikuwa hawajauona.

Niliusema mimi. Niliusema kwa heshima, nimesimama, baada ya makofi.

"Citoyen kiongozi, iko na jambo ya uso."

"Uso ya nani?"

Nilielekeza dirishani. Hakuelewa haraka, au alielewa na akatafuta mahali pa kukanyaga.

"Minaona uso ya Rais wetu," alisema. "Iko muzuri."

"Iko kijani."

Mama wa karanga aliacha kupima. Kiongozi aligeuza shingo polepole, akaitazama televisheni kama mtu aliyekutana na nyoka na anajaribu kukumbuka kama ni yule mwenye sumu.

"Kijani iko rangi ya Chama," alisema mwishowe.

"Ya bendera, ndiyo. Lakini bendera iko bendera, uso iko uso. Mutu akipita njiani, akiona seli yetu inapigia makofi Rais wa kijani, ataandika nini kwenye ripoti?"

Neno ripoti lilifanya kazi yake. Niliona jasho likitoka juu ya kola ya abakosti.

"Jana ilikuwa kijani zaidi," mama wa karanga alisaidia.

"Nani amekuuliza?" kiongozi alifoka. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini, "Alors, dawa yake nini?"

"Kuzima. Umeme ukipata nguvu, tunawasha."

"Na inapata nguvu saa ngapi?"

"Watu wote wakishalala."

Alifikiri. Ukweli ni kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu tu, na hofu ikikaa muda mrefu hufanana sana na ujinga. Akaamuru televisheni izimwe kwa sababu za heshima ya taifa mpaka amri nyingine. Nilitii kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana kwangu siku za salongo.

Tukakaa juma moja kwa amani. Kisahani kilitembea kama mzee aliyestaafu. Mke wangu aligandisha maji katika vifuko, akauza hayo pia, kwa sababu friza ilikuwa sasa peke yake mezani. Shemeji alihuzunika kidogo, akaenda kusikiliza muziki kwa wenzake. Majirani wawili waliacha kunisalimia, na mtoto mmoja alitangaza barabarani kwamba mimi ndiye niliyemla Rais. Nikavumilia. Kupunguza bili si kazi ya mtu anayependa kupendwa.

Jumatatu iliyofuata kiongozi alirudi akiwa na vijana wanne wa Chama. Walibeba sanduku la chuma, zito, lenye kioo cha saa mbele na mpini juu.

"Régulateur," alisema, akafuta uso. "Nimeuliza fundi wa duka. Hii inapandisha umeme. Sasa Rais atakuwa na rangi yake."

"Nani amenunua?"

"Mutaa yote imechanga. Kwa mapenzi yake."

Kisha akaniambia kwamba mapenzi ya nyumba yangu yalikuwa zaire hamsini, na kwamba yalikuwa bado hayajalipwa. Nikalipa. Ndivyo nilivyochangia kununua mashine ya kula umeme wangu.

Iliwekwa chini ya televisheni. Ilinguruma mfululizo, kama mtu mwenye kifua. Nilijaribu kueleza kwamba ikizimwa mchana haitaharibika, kwa kuwa mchana hakuna cha kupandisha. Kiongozi alikataa.

"Hii mashine haina ruhusa ya kulala. Rais anaweza kusema na taifa saa yoyote."

Jioni hiyo Rais alishuka mawinguni akiwa mpana, na kahawia, na mwenye afya. Nakiri ilikuwa kazi safi. Makofi yalisikika mpaka barabara ya pili, na tangu hapo barabara ya pili nayo ikaanza kuja. Kiongozi akaagiza taa ifungwe nje, watu waone wanapokanyaga. Akaagiza televisheni iwashwe mapema, ili ijulikane kwamba inafanya kazi. Kisha akanishika mkono mbele ya wote, akanishukuru kwa macho yangu ya uangalifu, akanitangaza kuwa fundi mkuu wa seli. Kazi yangu ilikuwa kuwasha.

Bili iliyofuata ilisema zaire mia tisa na kumi.

Mimi nilikuwa na mia tano. Mke wangu alikuwa na mia nne na kumi zilizobaki katika fundo la kitenge, pesa za kuandikisha watoto shule. Aliniambia wazi kwamba hazitatoka.

"Siyo roho mbaya," alisema. "Lakini mimi siwezi kumimina maji kwenye ndoo iko na tundu. Leo ninatoa hizi, mwezi kesho inakuja elfu. Ziba tundu, ninatoa."

"Tundu iko na abakosti," nilisema.

"Ninajua," alisema. "Ninafikiri."

Mtu wa umeme alikuja Alhamisi, saa kumi alasiri, na ngazi begani. Siku hiyo hiyo asubuhi kaka zake mke wangu walikuwa wamefika kutoka Isangi, na friza ilikuwa imejaa mpaka kifuniko hakifungi vizuri. Tulikuwa tumeweka jiwe juu. Kiongozi naye alikuwepo na vijana wake, wanapanga mabenchi mapema, kwa kuwa usiku huo palitarajiwa hotuba. Ngazi ilipoegemezwa ukutani, alikuja mbio.

"Weye! Unafanya nini?"

"Minakata."

"Huwezi kukata hapa. Hapa iko televisheni ya seli."

Mtu wa umeme aliweka pense mfukoni, akatoa karatasi. "Kama iko ya seli, citoyen, seli ilipe. Mia tisa na kumi."

"Seli haina pesa ya umeme."

"Basi minakata."

"Unakata Rais?"

"Mimi minakata waya," mtu wa umeme alisema, "na waya haina chama." Kisha akaonekana kama aliyeshtushwa na maneno yake mwenyewe, akapanda kipago kimoja upesi ili awe juu kuliko yaliyosemwa.

Kiongozi alinigeukia. "Citoyen, lipa."

Nilikuwa nafungua mdomo kueleza hesabu wakati mke wangu alipotokea jikoni. Mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki hadi viwikoni. Hakuzungumza kwanza. Alianza kupiga makofi, polepole, kwa ile mipigo tuliyoijua wote, mipigo ya Chama. Mama wa karanga, aliyekuja mapema kushika nafasi, aliitikia bila kuuliza. Vijana wakaitikia. Majirani wakatoka kwao wakipiga makofi, ndipo wakauliza kuna nini.

Alipoona uani pamejaa, alisimamisha mikono.

"Citoyen kiongozi! Sisi, nyumba hii, tumefikiri. Televisheni kubwa kama hii, yenye kumuonyesha Rais, haifai kukaa kwa mutu wa ghala. Inafaa kukaa kwa Chama. Tunaitoa. Leo. Na régulateur yake na taa yake. Wewe uko kiongozi, ichukue kwako nyumbani."

Vigelegele vilipasuka kabla hajamaliza. Nilimtazama kiongozi. Nimeona watu wakipokea habari za msiba kwa utulivu zaidi.

"Citoyenne," alianza, "hiyo iko jambo ya kufikiri. Chama itaona..."

"Chama itaona nini, papa? Chama inakataa zawadi?"

Kiongozi alitazama beji yake, akatazama watu hamsini, akaanza kupiga makofi.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Shemeji alikuwa ameamka usingizi wa alasiri, anamwita dada yake. "Yaya, ngoja kwanza. Televisheni iko yangu! Nimenunua elfu kumi na nane!"

Mke wangu alimgeukia kwa tabasamu ambalo nimeliona mara chache, namshukuru Mungu. "Ndiyo, mudogo yangu. Iko yako. Ni wewe unatoa. Sema kwa batu, usikike: unapea Chama, ao unakatalia Chama?"

Watu walisogea mlangoni. Hata mtu wa umeme, juu ya ngazi, aliinama asikie.

"Minatoa," shemeji alisema.

"Kwa nini unasema pole pole?"

"Minatoa na roho yangu yote!" alipiga kelele, na machozi aliyokuwa nayo machoni yalichukuliwa na kila mtu kuwa ya mapenzi ya taifa.

Vijana wanne waliinua televisheni. Wawili wa barabara ya pili walibeba régulateur. Waliondoka kwa wimbo, mabenchi nyuma, vigoda nyuma ya mabenchi, mama wa karanga na beseni mwishoni, na kiongozi mbele, uso wake ukiwa wa rangi ambayo nilishaiona mahali. Walipovuka kona, mke wangu alipangusa mikono, akafungua fundo la kitenge, akahesabu mia nne na kumi juu ya mia tano zangu. Mtu wa umeme alishuka, akaandika risiti, akapewa kambare mmoja wa kufunga kwenye baiskeli. Alisema hajawahi kuona waya ukikatwa vizuri hivyo.

Baada ya mwezi mmoja kiongozi alinijia nyumbani, mara hii bila vijana. Alikaa kwenye kiti cha mbao, kwa kuwa kile cha mkono kilikuwa kimeondoka na mabenchi na hakikurudi. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunja tena kabla sijaiona.

"Citoyen, wewe uko fundi ya seli. Mutu akitaka kupunguza kidogo, anafanya nini?"

Nilimweleza kila kitu bila kubania. Nilimweleza kuhusu jicho jekundu, kuhusu taa ya nje, kuhusu kuwasha mapema, na kwamba régulateur inaweza kulala mchana bila madhara.

"Hiyo ya kulala haiwezekani," alisema kwa huzuni. "Nimeshatoa amri."

"Basi zima wakati wa nyimbo."

Alinitazama ajue kama namcheka. "Na nisipotumia mashine, uso ukirudi kijani?"

Nilimjibu kwamba hilo limepita uwezo wa fundi. Aliondoka bila kuaga vizuri, na jioni nilisikia makofi kutoka kwake, yakiwa ya mapema kuliko kawaida.

Shemeji alihama. Alisema mwanaume hawezi kuishi nyumba yenye samaki tu. Akaenda na mashine ya kaseti na ile chaîne ya ghorofa nne, akapanga na wenzake wa almasi, ambao sasa ndio walilipia macho yake mekundu. Lakini alidai televisheni yake kwa ukoo, na ukoo ukakaa. Kaka zake wakubwa walipanda kutoka Isangi kusikiliza. Walitoa kwenye elfu kumi na nane chakula cha miaka miwili, na walikuwa wamemjua anavyokula tangu utotoni, hivyo walitoa sana. Tukaamriwa kumlipa elfu sita, kidogo kidogo, kwa pesa au kwa samaki.

Bili zetu zilishuka hadi zaire mia mbili sitini na tano, zikakaa hapo. Watoto waliandikishwa. Friza haikuzimwa hata saa moja, na mke wangu alianza kuzungumza juu ya ya pili, mazungumzo ambayo niliyasikiliza kwa mbali, nikitazama mita.

Mwaka ulipotimia nilipiga hesabu yote, kwa sababu katika nyumba ile hakuna mwingine ambaye angethubutu. Kwenye umeme, nikilinganisha na ile bili ya salongo, tulikuwa tumeokoa elfu nne na mia tano. Upande wa pili kulikuwa na elfu sita za shemeji, na mia mbili na sabini ilizozidi bili ya régulateur, na hamsini za mapenzi yetu kwa régulateur yenyewe. Ukitoa hiki kwa kile, kampeni yangu ya kubana umeme ilitugharimu zaire elfu moja mia nane na ishirini.